Je, Wajua? Waokoaji wa Wanyama Walitangulia Polisi!

Je, wajua kuwa wanyama wa London walipata watetezi kabla jiji halijapata jeshi lake la polisi? Shirika la RSPCA lilizaliwa mkahawani tarehe 16 Juni 1824. Polisi wa jiji wakaja mwaka 1829!

Wakaguzi wa kwanza wa RSPCA walizunguka soko la mifugo la Smithfield, macho kwenye fimbo za waswagaji. Mwaka wa kwanza tu, watu 63 walifikishwa kizimbani. Ndiyo, 63!

Na mwanzilishi wake, kasisi Arthur Broome, je? Mwaka 1826 alitupwa jela kwa madeni ya shirika. Ng'ombe walitetewa, yeye akafungwa!

Je, wajua kuwa New York farasi walipata gari la wagonjwa kabla ya binadamu? La farasi lilianza 1867, chini ya ASPCA, shirika la kutetea wanyama la huko. Hospitali ya Bellevue ikaanza kubeba watu kwa gari lake mwaka 1869. Umesikia hiyo?

Turudi Uingereza. Ukimwona ofisa wa RSPCA na sare yake nadhifu, usimwogope bure: kisheria hana ruhusa ya kuingia nyumbani kwako bila ridhaa yako, kama vile jirani yako asivyo nayo. Ukimwambia "toka", anatoka. Lakini usishangilie mapema! Anaweza kurudi na polisi wenye hati ya mahakama, na tangu 2021 mtesaji wa mnyama anaweza kula miaka 5 jela.

Kazi ni nyingi kiasi gani? Mwaka 2018 simu za RSPCA zililia zaidi ya mara 1,100,000. Piga hesabu: zaidi ya simu 2 kila dakika, usiku na mchana!

Paka amekwama juu ya mti London? Usiwapigie zimamoto. Wao wenyewe wanasema uanze na RSPCA, na ngazi ndefu ikihitajika, RSPCA ndiyo itakayowaita.

Je, wajua kuwa watoto wa mbweha hupenda kuchungulia kwenye tundu la katikati la rimu kuukuu? Kichwa kinaingia, masikio yanakataa kutoka! Mwokoaji hupaka mafuta shingoni, hulaza sikio moja, kisha la pili, na kukirudisha kichwa polepole. Shukrani yake? Meno!

Ndege wa baharini akichafuka kwa mafuta ya meli, dawa yake iko jikoni kwako: sabuni ya vyombo na maji ya moto wa nyuzi 40 hivi. Ila suuza mpaka povu liishe kabisa. Sabuni ikibaki, maji hupenya manyoya na ndege hupigwa na baridi.

Mbwa aliyepotea je? Chini ya ngozi yake kuna chipu ndogo kama punje ya mchele, isiyo na betri, yenye namba ya tarakimu 15. Mwokoaji anapitisha kifaa shingoni, mlio mmoja, mwenyewe anajulikana. Uingereza ni lazima kwa mbwa tangu 2016.

Na kwetu pwani? Punda wa Lamu wana zahanati yao tangu 1987, iliyofunguliwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Punda anatibiwa, na mwenyewe halipi hata senti. Haya, wewe mara ya mwisho ulitibiwa bure lini?