Ketoni za Kunywa na Hatari Yake kwa Mgonjwa wa Kisukari

Mwili wa binadamu hujitengenezea ketoni wenyewe. Mvuvi wa Muleba aliyekesha ziwani bila chakula, au mfungaji wa Bukoba anayengoja kufuturu, huwa nazo kidogo katika damu. Insulini inaposhuka, mafuta ya mwili huvunjwa, na ini huyageuza kuwa ketoni zinazolisha ubongo, moyo na misuli. Sahani ya ndizi na maharage huzishusha tena, kwa kuwa wanga wa ndizi huamsha insulini.

Ketoni za kununua ni jambo jingine. Zipo za chumvi, ambazo mara nyingi huja na sodiamu nyingi, hivyo hazimfai mwenye shinikizo la damu. Na zipo za esta, kimiminika kichungu mno. Esta huweza kufikisha ketoni milimoli 3 kwa lita ya damu katika muda wa saa moja hivi, ilhali mnywaji hajachoma hata gramu moja ya mafuta yake. Tena ketoni hizo huupunguzia mwili kasi ya kuvunja mafuta. Anayezinywa ili akonde amekosea njia.

Kwa wanamichezo ushahidi unagongana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walieleza kuwa waendesha baiskeli waliokunywa esta pamoja na wanga walisonga mbele kwa takribani asilimia 2 zaidi katika nusu saa. Mwaka uliofuata, nchini Australia, waendesha baiskeli wa kulipwa waliopewa esta ya aina nyingine walipungua uwezo kwa kiasi kama hicho hicho, tena wakiugua tumbo. Kwa anayefanya mazoezi Kaitaba au kupanda milima ya Kamachumu, ndizi ingali nishati bora: misuli inayokazana huutumia wanga kwa wepesi zaidi.

Hatari yenyewe iko kwa mgonjwa wa kisukari. Insulini ikikosekana, ketoni hupanda bila kizuizi na damu hujaa asidi. Mgonjwa huona kiu kali, hukojoa mara kwa mara, hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa kina na haraka, na pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Katika wilaya yenye malaria kama Muleba, mtoto anayetapika na kulegea hudhaniwa upesi kuwa na homa hiyo. Tone la damu la kupima sukari lisisahaulike, hata kipimo cha malaria kikionesha vimelea.

Mhudumu aulize pia kama mgonjwa ametumia ketoni za kunywa. Karatasi ya kupimia mkojo hutambua asetoasetati, wala haitambui beta-haidroksibutireti, ambayo ndiyo ketoni kuu katika vinywaji vingi vya aina hii na katika damu iliyojaa asidi. Alama hafifu kwenye mkojo, basi, haitoshi kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Naye mwenye kisukari cha aina ya kwanza anayeugua na kushindwa kula haachi insulini yake. Huendelea kuchoma insulini ya msingi, hunywa maji, hupima sukari kila baada ya saa chache, na akianza kutapika hupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo.