Bonde Linalolimwa na Mto

Mto Rufiji ukishatoka kwenye korongo la Stiegler huishiwa na mteremko. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi nchi ni tambarare, na maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, yaliyokusanywa kutoka kilomita za mraba zipatazo 150,000, hayana tena pa kukimbilia. Masika yakikolea, mara nyingi kufikia Aprili, mto huvuka kingo zake.

Maji yakitawanyika hupungua kasi, na mzigo wake huanguka: mchanga kwanza, karibu na mto, kisha tope laini mbali zaidi. Ndiyo maana ukingo huwa juu kidogo kuliko bonde la nyuma yake. Huko bondeni mpunga hupandwa kwa mvua za mwanzo, ukashindana kukua na maji yanayopanda. Maji yakiwahi, unazama; yakikawia, unakauka.

Maji yakishuka huja kilimo cha mlao, nacho ni ustadi mkubwa. Juu, tope limekauka na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Chimba kidogo, utakuta udongo mweusi ungali mbichi, unashikana vidoleni. Mahindi na kunde hupandwa humo na kukomaa kiangazi kwa unyevu ambao mfinyanzi umeutunza. Walinzi wa mashamba hulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili maji na nguruwe pori vipite chini.

Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji ya serikali iliwahamishia watu kwenye miinuko. Nyumba zilihama, lakini rutuba ilibaki bondeni, na wakulima waliifuata huko huko.

Sasa kwenye korongo la Stiegler kuna bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Hata hivyo, Aprili 2024 mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti yalizama. Kwa maoni yangu, kuyakomesha mafuriko kabisa kungekuwa hasara nyingine. Kinachohitajika ni ratiba ya kufungulia maji inayozingatia mpunga na mlao, na taarifa inayofika kwenye makazi ya kandokando ya mto kama Mloka na Utete kabla ya maji yenyewe. Maziwa ya bondeni, kama Ruwe na Zumbe, nayo yahesabiwe humo, kwa kuwa mto usipoyafikia, hupungua maji na samaki pia. Tope ndilo gumu zaidi: likishanaswa nyuma ya ukuta wa bwawa, hakuna ratiba itakayolifikisha shambani.