Kiberiti cha Mei na Kiberiti cha Oktoba

Pori la Tabora huungua kila mwaka. Anayepita na treni ya Reli ya Kati wakati wa kiangazi huliona kwa macho yake: upande mmoja wa reli nyasi kavu zimesimama, upande wa pili ardhi nyeusi na visiki vinavyofuka moshi. Tumeshazoea kuuita moto huo kwa jina moja tu, moto kichaa. Mabango huwekwa, faini hutangazwa, wenyeviti wa vijiji hugomba mikutanoni, na mwaka unaofuata pori huungua tena. Utafiti wa ikolojia ulioanza kabla wengi wetu hatujazaliwa unatutaka tuulize swali jingine: liliungua lini?

Tuanze na miti yenyewe. Pori hili ni la miyombo: mtundu, muba, mkora, na kati yao mninga ambao mafundi seremala wanaufuata mpaka ndani kabisa. Linatoka huku kwetu, likashuka Katavi na Zambia, Zimbabwe, Msumbiji, likafika Angola. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ililipita kwa siku nyingi kabla na baada ya kupumzika Unyanyembe, hapa Tabora. Miti yake ina tabia moja ya ajabu. Mvua hukatika mwezi Mei na kurudi Novemba, lakini majani mapya hayasubiri mvua. Kuanzia Septemba, ardhi ikiwa bado kavu kama kigae, mtundu huchipua majani mekundu ya rangi ya shaba na kutoa maua, kwa maji uliyoyaweka akiba ndani ya shina na yale yanayovutwa na mizizi mirefu.

Sasa uweke moto hapo. Washa nyasi mwishoni mwa Mei, saa kumi na moja jioni. Juu zimeshaanza kuwa njano, lakini ukilivuta shina utaona chini bado ni bichi. Moto hutambaa, hufika magotini, huruka penye unyevu na kuacha viraka visivyoguswa. Usiku umande unashuka na moto unazimika wenyewe. Washa nyasi zilezile mwezi Oktoba. Zimekauka mpaka shinani, majani makavu yamerundikana juu yake, upepo ni mkali na jua limechoma miezi mitano. Ndimi za moto hupanda kuliko mtu, huunguza majani mapya na maua, huingia kwenye nyufa za magome, na umande wa kuuzima haupo. Eneo ni lilelile na kiberiti ni kilekile.

Tunajuaje kwamba tofauti hiyo hudumu, kwamba pori halisahau msimu ukipita? Mwaka 1933, karibu na Ndola katika Zambia ya leo, vipande vya miyombo vilipimwa na kugawiwa majukumu. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, mara baada ya mvua. Vingine vilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Vingine vililindwa visiguswe na moto kabisa. Kisha watu wakafanya kazi ngumu kuliko zote katika sayansi, yaani kurudia jambo lilelile mwaka baada ya mwaka kwa miongo kadhaa, bila haraka ya kutangaza. Jibu lilikuja taratibu na halikuwa na utata. Palipochomwa kwa kuchelewa, miti mikubwa ilikufa mmoja mmoja, michanga ikashindwa kushika nafasi yake, na msitu ukageuka uwanda wa nyasi. Palipochomwa mapema, msitu ulibaki kuwa msitu. Palipolindwa kabisa, miti ilisongamana, nyasi zikapungua, na vichaka visivyopukutisha majani vikaanza kuingia chini yake. Majaribio ya namna hiyo yalifanywa baadaye Zimbabwe pia, na mwelekeo ukawa huohuo.

Sababu yake inaonekana kwa mtu mwenye jembe na subira. Chimbua mche wa mninga porini, ule unaofika kwenye kifundo cha mguu na kudhaniwa umeota juzi. Mara nyingi utakuta chini yake mzizi mnene usiolingana kabisa na kile kijiti cha juu. Mche huo una miaka. Kila kiangazi sehemu ya juu hufa, kwa ukame au kwa moto, na kila masika huchipua upya huku mzizi ukinenepa. Unasubiri mwaka ambao utakuwa na nguvu ya kupanda ghafla na kuinua kichwa juu ya usawa wa ndimi za moto. Moto mfupi wa Mei huuachia mninga nafasi hiyo. Moto mrefu wa Oktoba huurudisha chini kila mwaka, hata baada ya kufikia urefu wa mtu. Ukipita penye miche mingi na miti michanga michache, shuku kwamba hapo moto wa kuchelewa ndio unaotawala.

Siku hizi hatuhitaji kukisia pori linaungua lini. Setilaiti zimekuwa zikipiga picha za moto duniani tangu mwanzo wa karne hii, na zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya ardhi inayoungua kila mwaka duniani iko Afrika, hasa kwenye savana na mapori kama haya. Lakini setilaiti haijui ni nani aliyewasha wala kwa nini. Hilo wanalijua watu wa kijiji.

Mrina asali analijua zaidi. Anabeba moshi kazini, na wengi humtupia yeye lawama, pengine kwa haki mara nyingine, maana mwenge uliotupwa ovyo mwezi Septemba haurudi. Ila yeye huyo ndiye mwenye hasara kubwa ya kwanza. Asali ya msimu mkubwa, ile ya katikati ya mwaka, hutokana kwa sehemu kubwa na maua ya muba. Ile ya msimu mdogo, karibu na Novemba na Desemba, inategemea maua ya mtundu ya Septemba na Oktoba. Moto kichaa ukipita wakati huo unachukua maua, unaunguza mizinga ya magome iliyotundikwa, na nyuki wanahama. Akisafisha nyasi chini ya miti yake mwezi Mei au mwanzoni mwa Juni, moto wa Oktoba ukija haukuti cha kula.

Kwa mfugaji hesabu ni nyingine, na hapa washauri wengi huteleza. Ni kweli moto wa mapema huleta chipukizi ambazo ng'ombe huzipenda, na palahala wa Ugalla vilevile. Lakini nyasi kavu zilizosimama ndizo akiba ya Agosti na Septemba. Ukimwambia Msukuma achome mwezi Mei, umemwambia achome ghala. Wasukuma na Wanyamwezi wana ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yaliwe kiangazi, na Shinyanga ilirudisha miti mingi kwa njia hiyo kuanzia miaka ya 1980. Ngitili hailindwi kwa kuichoma. Huchomwa ukanda wa kuizunguka, ndani ikabaki salama.

Mama anayeuza uyoga barabarani mvua za kwanza zikinyesha naye yumo. Uyoga mwingi wa miyombo huishi kwa ushirika na mizizi ya mtundu na jamaa zake: mti hutoa sukari, uyoga husaidia kuvuta maji na virutubisho. Mti ukifa, uyoga wake hauhamii mkaratusi. Na mkulima wa tumbaku asijifiche nyuma ya moto. Bani moja la kukaushia hula kuni nyingi, na hakuna kalenda ya moto itakayookoa pori linalokatwa kwa kasi kuliko linavyochipua.

Hifadhini utafiti huu umeingia kwenye mipango ya kazi: askari huchoma mapema, kwa viraka, ili moto mkubwa usipate njia ndefu. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ilitangazwa mwaka 2019. Kabla ya hapo, ilipokuwa pori la akiba, warina asali na wavuvi waliruhusiwa kuingia kwa msimu. Sisemi kuondoka kwao kumeharibu pori, hilo linahitaji kupimwa. Nasema lipimwe, kwa sababu Australia imeshatufundisha jambo. Katika Arnhem Land, wenyeji walipoondoka kwenye ardhi yao, viraka vyao vidogo vya moto wa mapema viliondoka nao, na mioto mikubwa ya mwisho wa kiangazi ikashika nafasi. Tangu mwaka 2006 mpango rasmi umewarudisha kazini kuchoma mapema, kwa malipo, na moto wa kuchelewa umepungua. Tabora ina kumbukumbu yake ya kuhamishwa: katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu kwenye makazi machache ili kuwaepusha malale, na mashamba waliyoyaacha yakafunikwa na vichaka.

Hata hivyo tusiuziwe moto wa mapema kama dawa ya kila kitu. Ndola hupata mvua nyingi kuliko Tabora, kwa hiyo tarehe zake si zetu. Misitu ya kando ya mito haifai kuchomwa kamwe. Kuchoma mahali palepale kila mwaka, hata mapema, huchelewesha miche, na ni busara kuruka mwaka mmoja au miwili penye chipukizi nyingi. Wanaokuja vijijini na mikataba ya kulipia hewa ukaa inayopunguzwa kwa kuchoma mapema waulizwe watapimaje na watalipa lini kabla ya mtu kutia dole gumba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo ina masharti kuhusu moto, na kibali si jambo la hiari.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni ratiba. Mkutano wa kijiji wa kupanga siku ya kuchoma, kugawa zamu za kulinda ukanda na kukubaliana nani atafidia moto ukivuka, unatakiwa ufanyike Aprili, nyasi zikiwa bado bichi. Aprili hiyohiyo nusu ya wanakijiji wako kwenye mabani wakikausha tumbaku usiku na mchana. Wakishapumzika ni Julai, na mikutano hujaa vizuri, lakini nyasi zimeshakauka mpaka shinani. Kamati za maliasili zitakazofanya kikao chao Machi, hata kwa watu wachache, zitakuwa zimetangulia nusu ya njia.