Je, Wajua Nani Huikunja Barabara ya Moramu?

Je, wajua kwamba matuta yale madogo yanayojipanga kwenye barabara ya moramu, yale yanayovifanya vioo vya taksi vilie na maneno yakukatikie mdomoni, hayaletwi na mvua, wala hayahitaji mkandarasi aliyekula pesa ili yatokee? Yanatengenezwa na magurudumu. Wala lori la mchanga lisisingiziwe peke yake. Pikipiki ya bodaboda uliyoikodi asubuhi imo katika kazi hiyo, na wewe uliyepanda nyuma umo.

Anayeanzia Ruti, ng'ambo ya mto Rwizi katika mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, huondoka akiwa na lami chini yake na malori ya Kabale na Rwanda ubavuni. Hata barabara ya kupitia Isingiro hadi Kikagati, mji mdogo wa mpakani unaotazamana na Murongo ya Tanzania ng'ambo ya mto Kagera, siku hizi ina lami kwa kilomita zake 74. Anayekwenda kuuza au kununua mpakani anaweza hata kusinzia njiani. Shida humpata anayeiacha lami kuingia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambayo yamekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, yalipoanza kuwapokea watu kutoka Rwanda. Ni eneo la kilomita za mraba 185 hivi, lenye ziwa lake, mashamba yake na vijiji vingi ambamo Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira na cha Bujumbura hukutana na Kinyankole sokoni. Kule barabara ni moramu, na moramu ina tabia zake.

Moramu ni udongo mwekundu wenye changarawe, ambao wanajiolojia huuita lateraiti. Hutokea penye joto na mvua nyingi: kwa maelfu ya miaka maji huyeyusha silika na kuichukua, yakaacha oksidi za chuma na za alumini. Chuma hicho kilichoshika kutu ndicho kinachotia nguo nyeupe rangi ambayo sabuni haiitoi. Moramu nzuri ina mawe madogo ya kubeba uzito, mchanga wa kujaza nafasi kati ya mawe, na udongo wa mfinyanzi kiasi wa kuvigandisha vyote pamoja. Inataka pia unyevu kidogo. Ikikosa unyevu, mfinyanzi huacha kushika.

Wilaya ya Isingiro, yalipo makazi hayo ya Nakivale, iko kwenye ukanda mkavu wa wafugaji, na kiangazi chake huja mara mbili: kati ya Juni na Agosti, na tena kati ya Desemba na Februari. Hapo kila gurudumu husaga mfinyanzi uliokauka ukawa vumbi, na upepo ukalichukua. Vumbi linalotua juu ya migomba iliyo kando ya njia ni barabara yenyewe inayohama, tena inahama sehemu yake iliyokuwa gundi. Changarawe inayobaki haishikamani na chochote. Barabara ya namna hiyo iko tayari kukunjwa.

Sasa tazama gurudumu. Likikutana na jiwe au kituta cha kimo cha kidole, hupanda, huruka kidogo, kisha huanguka. Pale linapoanguka huchimba kishimo na kuisukuma changarawe mbele, ikawa kituta kipya. Gari linalofuata hukuta kishimo na kituta tayari, huruka palepale na kuanguka palepale. Baada ya magari mia kadhaa barabara nzima imejaa mikunjo iliyopangana kwa nafasi karibu sawa, mara nyingi kati ya nusu mita na mita moja kutoka kilele hadi kilele. Watu huona mpangilio ule wakadhani kuna mtu aliyepima kwa kamba.

Mwanafizikia Keith Mather, aliyeanza uchunguzi wake Australia, nchi yenye barabara za vumbi zisizo na mwisho, alizungusha gurudumu dogo juu ya mchanga na kuiona mikunjo ikizaliwa mbele yake; alichapisha maelezo yake mwaka 1963. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet wa Ufaransa, Stephen Morris wa Toronto na Jim McElwaine wa Cambridge walirudia jaribio hilo kwa uangalifu zaidi, wakitumia meza ya duara yenye mchanga inayozunguka chini ya gurudumu. Walichokikuta kinawaudhi mafundi mpaka leo. Gurudumu lao halikuwa na springi wala shokapu, na mikunjo ilitokea vilevile. Baadaye waliondoa gurudumu wakaweka kipande bapa kilichoinama, kisichozunguka kabisa, na bado mikunjo ikatokea. Hivyo anayelaumu springi mbovu za magari ya zamani hana kesi. Kilichohitajika ni mwendo tu. Chini ya kasi fulani mchanga ulibaki tambarare, hata ukiwekewa vituta kwa makusudi vilifutika. Juu ya kasi hiyo mikunjo haikuzuilika. Hesabu inayotawala jambo hili inafanana na ile ya jiwe bapa linalorushwa juu ya maji likarukaruka: likienda polepole huzama, likienda kasi hudunda.

Kwa gari la kawaida, kasi hiyo ya mpaka ni ndogo mno, kama kilomita 8 kwa saa. Ng'ombe wa Ankole na pembe zao ndefu wanaweza kupita njia moja miaka mingi wakaiacha na makorongo, lakini mikunjo hawataiacha. Nani ataendesha taksi yenye abiria kwa mwendo wa ng'ombe hadi Nakivale?

Hapo ndipo ubishi wa ndani ya gari unapoanza. Abiria hulia, "Dereva, polepole bwana, unatuua!" Naye hujibu bila kugeuka, "Mama, nikipunguza ndiyo utatikisika zaidi." Wengi humchukulia kuwa jeuri. Mimi nadhani hesabu iko upande wake, ingawa si yote.

Chukua mikunjo ya sentimita 75. Gari likienda kilomita 18 kwa saa, linaipita karibu mara 7 kila sekunde. Bahati mbaya kiwiliwili cha mtu aliyeketi hupokea mtikisiko vibaya zaidi kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Hapo tumbo na mabega hucheza kwa pamoja, ndiyo maana mwendo ule wa "polepole" humwacha mama mjamzito ameshika kiuno. Dereva akifika kilomita 36, mapigo yanakuwa 13 kwa sekunde. Tumbo linapata nafuu, lakini gurudumu na ekseli yake hupenda kurukaruka yenyewe kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, kwa hiyo sasa linaloteswa ni gari: nati zinalegea, bushi zinakwisha, shokapu inachemka mafuta yake. Akifika kilomita 60, mapigo ni 22. Gurudumu halina tena muda wa kushuka kwenye kila bonde, linagusa vilele tu, na ndani ya gari kunatulia ghafla kana kwamba barabara imebadilika.

Utulivu huo una bei yake. Gurudumu linalogusa vilele tu liko hewani sehemu kubwa ya safari, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halifuati usukani. Kwenye kona gari huteleza kuelekea nje kama halina dereva. Mtoto akikatiza na dumu lake la maji, ule umbali wa kusimama uliouzoea kwenye lami haupo. Dereva alisema kweli kuhusu mgongo wa mama. Kuhusu kona hakusema kitu.

Gharama ya mtikisiko huu ilipimwa hapa hapa Afrika Mashariki. Kati ya 1971 na 1974, watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza walifanya kazi Kenya wakipima jinsi ubovu wa barabara za lami na za changarawe unavyokula mafuta, matairi na vipuri vya magari. Matokeo yao yaliingia katika mifumo ya hesabu ambayo Benki ya Dunia imeitumia kuamua barabara ipi iwekwe lami katika nchi nyingi. Kwenye daftari la mhandisi hiyo ni gharama ya uendeshaji. Kwa mkulima wa Isingiro ni ndizi zilizochubuka kabla ya kufika Mbarara, na kwa mfugaji ni maziwa yaliyosukwasukwa ndani ya dumu la alumini nyuma ya pikipiki mpaka mafuta yakaanza kujitenga.

Halafu mvua hurudi, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Mvua ya kwanza ni rafiki: hulaza vumbi na kurudisha mshiko wa mfinyanzi. Ikiendelea, maji hutuama ndani ya mabonde ya mikunjo, yakalainisha chini, na bonde likageuka shimo. Ndiyo maana barabara nzuri ya moramu huinuliwa katikati na kuteremshwa kandoni, maji yaingie mitaroni. Mtaro ulioziba huiua barabara mapema kuliko lori zito.

Greda likija watu hushangilia, na kwa wiki chache wana haki. Lakini lipo greda linalotibu na lipo linalopaka poda. Likikwangua vilele tu na kumwaga changarawe mabondeni, ile iliyomwagwa haikushindiliwa, hutoka ya kwanza, na mikunjo hurudi ilipokuwa. Blade inapaswa kukata hadi chini kabisa ya mabonde, moramu ichanganywe upya, imwagiwe maji, kisha ishindiliwe. Kichekesho ni kwamba greda nalo ni gari: mwendeshaji mwenye haraka akilikimbiza, linaanza kudunda, na linaacha mikunjo yake mipya nyuma ya blade.

Kwa hiyo ukipanda taksi ya Nakivale, kimbilia kiti kilicho kati ya ekseli mbili. Benchi la nyuma, juu au nyuma ya magurudumu, hurushwa zaidi, na makondakta wanaolijaza mwisho wanalijua hilo. Kwenye bodaboda, inua makalio kidogo juu ya kiti, kunja magoti na uweke uzito kwenye vikanyagio. Miguu ya binadamu huchuja mtikisiko vizuri kuliko springi mbili zilizochoka. Trei ya mayai isifungwe kwenye keria. Ipakate.