Masisi: Kazi ya kuponya majeraha ya moyo haina umri

Watu wa Burungu, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitchanga katika eneo la Masisi, wamezoea kufunga mizigo haraka. Tangu waasi wa M23 walipoingia Kitchanga mwezi wa kwanza 2023, mapigano yamerudi mara kwa mara kwenye barabara hiyo. Familia nyingi za Masisi zilikimbilia kambi za kandokando ya Goma, na nyingine zikashuka hadi Minova, kando ya ziwa Kivu.

Jeraha la risasi linaonekana, na muuguzi analifunga. Lakini mama asiyepata usingizi, anayeshtuka kila mlango ukigongwa, ampelekee nani shida yake? Vijijini mwanasaikolojia mwenye diploma ni nadra. Anayemsikiliza mara nyingi ni mtu mzima wa hapo hapo, aliyekuwa mkulima, mwalimu au mchuuzi kabla ya kuingia kazi hii. Mashirika humwita APS, yaani msaidizi wa kijamii na kisaikolojia.

Mama Masika wa Minova

Kivu inamkumbuka mmoja aliyeianza kazi hiyo bila diploma: Rebecca Masika Katsuva. Alizaliwa mwaka 1966 huko Katana, Kivu ya Kusini. Mwaka 1998 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, wakamuua mume wake, wakambaka yeye na binti zake. Jamaa ya mume ikamkataa. Alikuwa na miaka 32.

Akiwa bado na maumivu yake mwenyewe, alianza kupokea wanawake wengine waliobakwa. Aliwasikiliza, akawasindikiza hospitali, akawapa pa kulala. Baadaye aliunda shirika la APDUD katika eneo la Minova. Wanawake walilima shamba pamoja, na watoto waliokataliwa walipata mama.

Mwezi wa 11 mwaka 2012, Goma ilipoanguka, wanajeshi wa serikali waliorudi nyuma walibaka wanawake zaidi ya 100 Minova na vijiji vya jirani. Wengi walikimbilia kwa Mama Masika. Miaka miwili kabla ya hapo, Amnesty International ya Marekani ilikuwa imempa tuzo la Ginetta Sagan. Lakini yeye mwenyewe alishambuliwa tena zaidi ya mara moja kwa sababu ya kazi hiyo. Alifariki tarehe 2 mwezi wa pili 2016, kabla ya kufikisha miaka 50.

Ushahidi kutoka vijijini

Je, mtu asiye daktari anaweza kweli kuponya? Jibu moja lilitoka Kivu yenyewe. Mwaka 2011 shirika la IRC pamoja na watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na cha Washington walilinganisha aina mbili za msaada kwa wanawake 405 waliopitia ubakaji. Waliotoa huduma walikuwa wanawake Wakongomani waliosoma angalau miaka 4 baada ya shule ya msingi. Walipewa mafunzo, kisha wakafuatiliwa kwa karibu.

Katika vijiji 7 wanawake walianza na kikao cha mtu mmoja, kisha vikao 11 katika kundi dogo. Humo walijifunza kuchunguza mawazo yanayowatesa, kama lile la "ni kosa langu". Katika vijiji 8 vingine, kila mwanamke alipata msaada wa kawaida peke yake. Miezi 6 baada ya huduma kumalizika, waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi walikuwa asilimia 9 katika makundi, na asilimia 42 kwa wale wengine.

Kwa hiyo moyo wa huruma pekee hautoshi. Wote walikuwa na msikilizaji, lakini waliopata njia iliyofundishwa vizuri walipona zaidi.

Nani anamsikiliza msikilizaji?

Mtu mzima anakuja na mali ambayo chuo hakitoi. Anajua Kihunde, Kinyarwanda au Kiswahili cha nyumbani. Amezika, amelea, amekimbia. Wanawake hawaoni haya kumfungulia moyo. Lakini lazima ajifunze kutunza siri, kutomlazimisha mtu kusimulia, na kutambua mgonjwa anayehitaji daktari.

Hatari nyingine ni yake mwenyewe. Vita vikifika Burungu, msaidizi naye anabeba godoro na watoto. Mradi ukiisha, mshahara unakwisha, lakini watu wanaendelea kubisha mlangoni kwake. Akikosa msimamizi wa kumweleza aliyoyasikia, maumivu ya kijiji kizima yanabaki kichwani mwake.

Mafunzo ya siku chache yanaweza kumwanzisha mama wa miaka 45 katika kazi hii. Ili aendelee nayo anahitaji ufuatiliaji, malipo na mahali pa kupumzisha moyo wake, hata pale wafadhili wanapokuwa wameondoka.