Kwa nini Kiswahili hukioni kwenye rafu za vitabu?

Sisi tuliokulia Sidab, na jamaa zetu wa Ruwi na Seeb, Kiswahili tumekipata kwa masikio. Bibi akigomba tunaelewa. Mashangazi wakianza umbea, tunaelewa zaidi. Lakini tupe ukurasa mmoja tuusome, hapo ndipo kasi inapungua. Manake tumekiona wapi kimeandikwa? Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, basi.

Kwa hiyo niliingia duka moja kubwa la vitabu hapa Maskati, jina silitaji, nikauliza kama wana *Peponi*. Hiki ni kitabu cha Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ida Hadjivayanis amekitia Kiswahili, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakichapa mwaka 2022. Kijana wa kaunta akaandika kwenye kompyuta, akasubiri, akasema: "Hakimo kwenye sistimu."

Sawa, lakini hiyo sistimu ni nani?

Anayechagua hayupo dukani

Katika maduka makubwa yenye matawi mengi, anayekuuzia kitabu kwa kawaida siye aliyekichagua. Ofisi kuu ina mnunuzi, pengine yuko mji mwingine au hata nchi nyingine. Wachapishaji na wasambazaji humletea orodha za vitabu vinavyokuja, miezi kadhaa kabla havijatoka. Hana muda wa kuvisoma vyote. Anatazama mambo machache: mwandishi huyu aliuza kiasi gani mara ya mwisho? Jalada likoje? Bei je? Mchapishaji ana mpango gani wa kukitangaza? Na msambazaji tunayefanya naye kazi siku zote anacho?

Swali la mwisho ndilo linalotukwamisha sisi. Duka kubwa halipendi kufungua akaunti mpya kwa ajili ya vitabu kumi. Linaagiza kwa wasambazaji wachache wakubwa, na kitabu kisichokuwa kwenye orodha zao, kwa duka ni kama hakijaandikwa. Vitabu vingi vya Kiswahili vinachapwa Dar es Salaam na Nairobi, na soko lake kubwa ni shule. Mchapishaji anayeishi kwa vitabu vya kiada hana haraka ya kutafuta msambazaji wa Ghuba.

Kitabu si samaki

Muuza samaki wa hapa kwetu akibaki na nguru jioni, hasara ni yake. Hawezi kumrudisha baharini. Biashara ya vitabu haiendi hivyo. Tangu miaka ya 1930, wakati wa mdororo wa uchumi Marekani, wachapishaji walianza kuwaambia wenye maduka: chukueni, kisichouzika mtarudisha. Utaratibu huo ulienea, na mpaka leo maduka mengi makubwa ya Kiingereza yanautegemea. Juu yake huomba punguzo, mara nyingi asilimia 40 ya bei ya jalada au zaidi.

Sasa mfikirie mchapishaji mdogo wa Afrika Mashariki. Atoe punguzo hilo, alipe usafiri, halafu baada ya miezi sita boksi limrudie Dar likiwa limekunjwa pembe? Hawezi. Ndiyo maana wengi wao wanapitia African Books Collective, shirika la wachapishaji wa Kiafrika lenye makao Oxford, ambalo huuza vitabu vyao nje ya bara. Vitabu vingi huko huchapwa pale tu mtu anapoagiza. Kwako wewe msomaji hiyo ni neema, kwani kitabu hakiishi. Kwa mnunuzi wa duka kubwa ni kikwazo, maana kitabu kinachochapwa kwa oda mara nyingi hakirudishwi.

Meza ya mbele

Ile meza unayoikuta mlangoni, yenye vitabu vimepangwa vizuri, wengi tunadhani ni chaguo la wafanyakazi. Katika maduka mengi makubwa ya Uingereza na Marekani, kwa miaka mingi nafasi ile ilikuwa inauzwa. Mchapishaji analipa, kitabu chake kinakaa mbele.

Waterstones ya Uingereza ilikuwa hivyo mpaka James Daunt alipoichukua mwaka 2011. Akaacha kupokea pesa hizo, akawaachia wafanyakazi wa kila tawi wachague wenyewe kulingana na watu wa mtaa wao. Vitabu vinavyorudishwa kwa wachapishaji vikapungua sana, na kampuni iliyokuwa karibu kufa ikasimama tena. Kumbe anayewajua wateja kwa sura anachagua vizuri kuliko anayewajua kwa jedwali.

Tuzo inafungua mlango

Jokha Alharthi ni wa kwetu, Momani. Riwaya yake *Sayyidat al-Qamar* ilitoka kwa Kiarabu mwaka 2010. Tafsiri ya Kiingereza ya Marilyn Booth, *Celestial Bodies*, ilichapwa na Sandstone Press, kampuni ndogo ya Scotland. Mwaka 2019 ikashinda Man Booker International, na kitabu kile kile, hakikubadilishwa hata nukta, kikapata nafasi kwenye maduka ya dunia nzima.

Gurnah naye vivyo hivyo. Oktoba 2021 Nobel ilipotangazwa, watu Marekani walikimbilia madukani wakakuta vitabu vyake havipo. Alikuwa ameandika riwaya kumi. Ubora ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni ile ishara ambayo mnunuzi wa ofisi kuu anaitambua.

Kompyuta haijui ulichokikosa

Hapa ndipo pananiuma. Kompyuta ya duka inajua kilichouzwa. Haijui kilichotafutwa kikakosekana. Wewe ukiingia, ukaangaza macho, ukatoka kimya, kwenye hesabu zao hukuja. Wiki ijayo binamu yako anafanya vile vile. Mwisho wa mwaka mnunuzi anatazama takwimu na kusema, kwa ukweli kabisa, kwamba Kiswahili hakina soko Oman. Kumbe kuna nyumba ngapi hapa ambazo chai ya jioni inanywewa kwa Kiswahili?

Wazee wetu waliporudi kutoka Unguja, Pemba na Mombasa, wengi baada ya 1964 na baada ya 1970, lugha waliibeba mdomoni. Imefika kwetu mdomoni. Je, kwa watoto wetu itafika vipi, na wale bibi wenyewe wanazidi kupungua?

Basi tufanye hivi. Usiulize tu "mna vitabu vya Kiswahili?" Taja jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, na ile namba ya ISBN nyuma ya jalada. Omba oda maalumu, kwa sababu oda inaandikwa na swali haliandikwi. Mkiwa watano, agizeni pamoja kitabu kimoja. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Maskati, yanayofanyika tangu 1992, yana wachapishaji wenyewe mezani. Mtu anayepanga meza yake mwenyewe unaweza kumwambia unachotaka, naye anaweza kukileta mwaka unaofuata. Na jamaa akienda Unguja au Dar, badala ya kilo tatu za karafuu mwambie mbili, na kilo moja iwe vitabu.

Halafu mkipate, mkisome kwa sauti mbele ya bibi. Atawasahihisha, msiwe na wasiwasi.