Noti za Ubelgiji sandukuni: msiziuze ovyo!

Mama mmoja jirani yetu alikuta noti za zamani katika sanduku la marehemu mume wake. Mchuuzi alitaka kumpa bei ya sabuni. Tukamwambia: Mama, ngoja kwanza!

Faranga ya Ubelgiji iliacha kutumika mwaka 2002, euro ikaingia. Sarafu hazibadilishwi tena tangu mwisho wa 2004. Lakini noti zilizotumika mpaka 2002, Benki ya Taifa ya Ubelgiji ingali inazibadilisha, bila tarehe ya mwisho. Faranga 1,000 ni karibu euro 25.

Tazameni vizuri: iandikwe «Banque Nationale de Belgique». Ile ya «Congo Belge» ni pesa ya koloni, hiyo wekeni kama kumbukumbu tu.

Mama amefunga sanduku. Anamngoja shemeji yake aliye Brussels.